Kamati ya Kuongeza Memori ya Kompyuta ya Sebuleni

Ninayo heshima kuutaarifu umma, kuanzia sebuleni hadi jikoni, kwamba kompyuta ya nyumbani kwetu imeongezewa memori kwa kufuata taratibu zote.

Mimi ni mkuu wa manunuzi katika idara nyeti. Mke wangu ni fundi cherehani, na kompyuta hiyo ndiyo anayochorea nguo. Jumatatu alinieleza kuwa akifungua mchoro wa pili, wa kwanza unaganda, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kupeleka michoro ya sare za wauguzi, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima. Akaniomba nipitie dukani nikitoka kazini.

Kupitia si utaratibu. Niliunda kamati: mimi mwenyekiti, yeye katibu, binti yetu mjumbe. Kikao cha kwanza kilijadili ajenda ya kikao cha pili. Katika cha pili, binti alishauri tufungue kompyuta tuone memori iliyomo ni ya aina gani. Nilimweleza kwa upole kwamba mali haifunguliwi bila kibali, na mwenye kutoa kibali ni mimi, nami nilikuwa bado sijajiandikia barua. Katibu aliandika muhtasari huku mguu wake ukikanyaga cherehani.

Jumatano nilikwenda dukani. Fundi kompyuta aliuliza mashine ni ya aina gani. Nikamjibu kwamba kamati imepitisha iliyo kubwa kuliko zote.

“Bosi, ukubwa peke yake hautoshi,” akasema. “Isipolingana na mashine yako, haiingii.”

Nilimwambia mimi nanunulia idara nzima, sijaja kufundishwa kazi. Akanifungia iliyo kubwa kuliko zote.

Alhamisi ilikuwa uzinduzi. Nilihutubia kwa dakika arobaini, kisha nikachomeka. Haikuingia. Nikakandamiza kwa mujibu wa cheo changu, ikavunjika vipande viwili.

Mke wangu alitoa pini mdomoni. “Baba Watoto, hebu sogea kidogo.”

Alichomoa memori ya zamani, akaifunga kwenye kitambaa, akatoka. Chai yangu haijapoa, amerudi nayo pamoja na nyingine ya dukani inayofanana nayo. Zote mbili zikaingia bila hotuba. Michoro yote miwili ikafunguka, na Ijumaa kazi ya sare akaipata.

Nikaandika ripoti ya mafanikio, kurasa kumi na nne, nikampelekea mkurugenzi wangu. Aliisoma yote, jambo ambalo sikulitarajia, akamwita mke wangu aje kutazama kompyuta za idara, ambazo bado huganda ingawa nilizinunulia memori.

Mama Watoto alifungua moja, akakuta memori ya zamani tu, akaomba aoneshwe stoo. Nikamfungulia. Memori mia mbili, kubwa kuliko zote, zilikuwa kwenye makasha yake. Alichukua moja, akaipima kwenye tundu la mashine, akairudisha taratibu.

“Mkurugenzi,” akasema, “mashine zenu hazina ubaya.”

Tangu Jumatatu nimehamishiwa kitengo cha bustani. Maua yanasubiri maji. Kamati inakutana kesho.