Taa Tatu kwa Tumbawe Moja

Jumatatu, tarehe 3
Ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, nimepigilia ndoano darini. Moja. Imeshika. (Ni ya pili. Ya kwanza iliteremka na kipande cha dari.)

Ndoano ni ya taa. Taa ni ya tangi. Tangi ni la kioo, maji ya chumvi, mawe, na tumbawe moja la kijani, dogo kama kizibo cha chupa. Shemeji, kaka wa mke wangu, amelimega kutoka kwenye lake, ambalo limefurika tangi zima. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mlevi kichanga.

Tangi limekaa dirishani, mahali pa cherehani. Cherehani imehamia chumbani, kati ya kitanda na kabati, na mke wangu anashona sare za watu magoti yakigonga ukuta. Ametoa hukumu: tumbawe lisipochanua kufikia Jumapili, tangi litoke, cherehani irudi.

Siku sita! Mungu mwenyewe hakuhitaji zaidi.

Jumanne, tarehe 4
Taa ya kwanza: LED ya bluu. Nimefunga mapazia. Sebule ikazama. Mawimbi ya mwanga yakatembea darini, yakapita juu ya kalenda, yakalamba uso wa saa. Nikajilaza sakafuni. Nikawa pweza asiye na kazi. Nilidhani zimepita dakika kumi. Zilikuwa saa tatu.

Na tumbawe! Limetoa vidole vitatu. Vyembamba, vinapepea taratibu, kama vinamuaga mtu aliye mbali sana.

Nikampigia Shemeji kumtambia. Akasema vizuri sana, sasa nisiguse kitu: taa hiyo hiyo, saa chache kwa siku, mpaka lizoee. Wivu! Mwenye bustani hataki jirani aoteshe hata jani.

Hesabu yangu ni hii. Taa moja, vidole vitatu. Taa tatu, vidole tisa. Darasa la pili wanaijua.

Jumatano, tarehe 5
Kwa mzee wa duka la matangi. Akanifafanulia kwa upole: LED humetameta lakini huacha vivuli, taa za mirija, zile ndefu za maofisini, hutandaza mwanga sawasawa kama shuka, na ya tatu, ndugu wa taa za uwanja wa mpira, hupenya mpaka sakafuni ila hutoa joto. Akasema watu huchagua moja, au huchanganya mbili kwa kiasi. Nikamwambia mimi si watu. Akanitazama, akaanza kufunga mizigo.

Nimefunga mirija minne. Sebule imekuwa zahanati. Tumbawe limerudisha vidole viwili. Linakusanya nguvu.

Mke wangu akapita na gauni begani. Akasimama chini ya mirija, akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja. Akasema, “Hee!” Kisha akaondoka. Sikuipenda ile hee.

Ijumaa, tarehe 7
Taa ya uwanjani imepanda. Nimewasha zote. Jua, mwezi na zahanati kwa pamoja! Nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nikasinzia. Nikaota natembea chini ya bahari vuguvugu, bila kupumua wala kuhitaji. Matumbawe yakiinuka kila nipitapo. Shemeji yuko mbali, ameshika tochi, inazima. Ndoto tamu ajabu. Nikaamka nimelowa jasho. Bahari vuguvugu ilikuwa sebule.

Tumbawe limefumba. Kidole hata cha dawa hakuna. Limepauka kama sabuni iliyosahaulika juani. Mke wangu ameweka kiganja kwenye kioo, akauliza kama chai hii nitapenda yenye sukari.

Nimeandika: limelala. Kila kikubwa hulala kabla ya kuinuka.

(Nimeliomba msamaha kwa kunong'ona. Hapa pasisomwe na mtu.)

Jumapili, tarehe 9
Shemeji kaja kukagua. Ameinama mbele ya kioo mpaka nikadhani amepatwa na kiuno. Halafu: “Shemeji, hili umelichoma au umelichemsha?”

Nikasema linatafakari.

Akasema angekuwa yeye mle ndani, naye angefumba macho na kutubu.

Mke wangu akaja, akatazama. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Akasema tu, “Baba watoto, Jumapili ndiyo hii.”

Tumelibeba tangi, mimi na Shemeji, hadi koridoni, kando ya viatu. Cherehani imerudi dirishani kama malkia kutoka uhamishoni. Nikapanda ngazi kushusha mirija. Nikaambiwa mirija ibaki, inamfaa kwa pindo. Taa nyingine mbili mke wangu amezipandisha juu ya kabati, mpaka akili zangu zitulie.

Akili zangu zimetulia tangu nizaliwe.

Jumatano, tarehe 12
USHINDI!

Vidole kumi na moja! Nimevihesabu mara nne nikiwa nimelala sakafuni koridoni, mke wangu akiniruka kila apitapo. Kijani kimerudi, chororo, kama jani lililochipua alfajiri. Vinapepea vyote, polepole, na mara hii havimuagi mtu. Vinaita. Nilikaa pale mpaka ubaridi wa sakafu ukanisahau.

Nimempigia Shemeji. Akauliza, kwa sauti ndogo, nimefanya nini. Nikamfundisha: siri ni kuchanganya. Mwanga wa taa tatu hulikaa tumbawe tumboni kama mlo mzito. Hulala nao siku tatu, ndipo unapolitokea vidoleni. Akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo. Bila shaka hajawahi!

Taa tatu zimetoa kumi na moja. Kesho asubuhi naenda kwa mzee kutafuta ya nne.

Korido haina taa.