Nimwiteje Baba Mkwe?

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe ametangaza! Magoti yamegoma, bustani anaiacha. Kipande kile cha ardhi ya halmashauri nyuma ya reli, na banda lake, na liki zake nene, mboga zile za ukoo wa kitunguu. Hapa Barnsley, Uingereza, kipande kama hicho watu hukisubiri kwenye foleni miaka kumi na mmoja. Jumapili atataja mkwe wa kumrithi. Wakwe ni wawili: mimi na Clive, aliyeoa dada wa mke wangu.

Tatizo langu dogo. Miaka sita tangu nimwoe Hilary, sijawahi kumwita baba yake chochote. Bwana Ogden? Rasmi mno. Wilf? Mzee wa miaka sabini na minane, nimwite kama rika langu! Basi nikitaka kumwita, nakohoa tu. Yeye hugeuka. Clive humwita "Pop", yaani baba kwa Kiingereza cha mtaani, na Clive ndiye humiminiwa chai kwanza.

Wiki hii namwita. Jina likikaa, bustani yangu.

Jumanne, 4 Juni

Mpango: "Gafa". Ndivyo vibarua wa hapa wanavyomwita mkubwa wao wa kazi. La kiume, lina heshima. Nikamkuta anapalilia. "Habari za asubuhi, Gafa!"

Lo! Jembe likamponyoka. Akauliza gafa nani. Akasema alichimba makaa ya mawe miaka thelathini, akagoma mwaka mzima kwa supu ya msaada kwa sababu ya hao hao magafa, leo aitwe gafa mbele ya kabichi zake mwenyewe? Nikakohoa, nikaondoka.

Hilary anasema mjini hapa hata paka wanajua hilo. Mbona hawakuniambia?

Alhamisi, 6 Juni

Mpango: "Ded", baba kwa Kiingereza cha kila siku. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Ded. Ded. Fupi, la mtu mzima.

Nikakuta kamati nzima ya bustani inakunywa chai bandani. Hofu ikaniongezea mkia: "Dedi!" Kama mtoto aliyepotea sokoni! Nina miaka arobaini na mmoja. Bi Enid, mkulima wa figili, akanipa biskuti na kuniuliza kama nataka kupelekwa chooni. Clive, naye alikuwamo, alicheka hadi akapaliwa. Kwa aibu nikakohoa mara tatu.

Lakini mzee alinitazama kwa huruma. Moyo umelainika, naapa!

Jumapili, 9 Juni

Nyama ya kuoka, viazi, mzee akagonga glasi. Bustani ni ya Clive. Clive! Asiyejua liki na kitunguu!

Nikakohoa, nikauliza kwa nini. Mzee akasema kwa upole kwamba alitaka kunipa mimi, maana hiyo "Pop" ya Clive inamchefua: pop hapa ni soda, na yeye si soda. Lakini kifua changu je? Miaka sita nakohoa kila nikitaka kufungua mdomo. Ameshazika wachimbaji wenzake wengi waliokufa kwa kifua, hawezi kunipeleka kwenye unyevu ule. Akanikabidhi chupa ya dawa ya kikohozi. Nilitamani kulia.

Mlangoni akanishika bega. "Sikiliza, kijana wangu. Mimi Wilf tu. Wewe niite Wilf, yatosha."

Nimelitafakari njia nzima. Wilf! Mtego mtupu huo, na Clive ndiye aliyeutega. Sinaswi ng'o. Jumapili ijayo nitakohoa tu, ila kikohozi cha mtu anayepata nafuu.