Rufaa ya Pikipiki Iliyofunikwa kwa Turubai la Msiba

Nolasco Kashaija,
Kitongoji cha Omukibira,
Bugene, Karagwe.
Alhamisi, 20 Novemba 2025

Katibu,
Chama cha Kuzikana cha Omukibira.

YAH: KUPINGA KUFUTWA UANACHAMA KWA KOSA LA KUFUNIKA PIKIPIKI

Ndugu Katibu, Dada Agnetha,

Shikamoo. Natanguliza shikamoo kwa sababu umenizidi miaka minne, na kwa sababu nataka ujue kwamba hata nikiwa na hasira mimi ni mtu niliyelelewa.

Barua yako ya Jumatatu nimeipata. Aliileta Gideon, mtunza stoo wa chama, naye aliisoma kwa sauti pale njia panda kabla hajanikabidhi, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa mwisho kujua kwamba nimefutwa. Inasema jina langu limekatwa kwenye daftari kwa kosa la "kuitisha msiba usio na marehemu". Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa kwa miaka ishirini na sita, nimesoma barua nyingi za uonevu, lakini hii, waitu, jamani, imezidi.

Naomba unisikilize kwa mpangilio. Mwezi wa saba nilimleta mama yangu, Bibi Mukandekezi, kutoka Mabira, maana kwa presha ile na goti lile asingeweza tena kukaa peke yake. Nyumba yangu unaijua, ina vyumba vitatu vya kulala: chetu mimi na mke wangu Kokuhirwa, cha mazao, na cha pikipiki. Nilimpa mama chumba cha pikipiki. Ningefanyaje? Pikipiki ikahamia uani, na mvua za mwezi wa tisa zikaikuta hukohuko. Sasa kila Jumanne ndiyo inayompeleka mama kliniki Nyakahanga, na pikipiki iliyolowa haiwaki. Wiki mbili mfululizo nimeisukuma mpaka kwenye lami, mama kakaa juu yake na mwavuli, anasalimia watu kushoto na kulia kama mgeni rasmi. Jumanne ile ya pili tulifika muda wa kliniki umekwisha, na vidonge vyake vilikuwa vimeisha tangu Jumapili. Hapo nikaacha kucheka.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba chama hakikuuliza nilivyohangaika kabla ya kugusa mali yake. Nilianza na viroba. Kokuhirwa alishona viroba sita vya pumba ya mahindi, likatoka joho zuri kabisa lenye mikono miwili ya usukani. Kosa letu hatukuvifua. Mbuzi wa jirani walinusa pumba, wakala joho, walipolimaliza wakaendelea na kiti. Hadi leo mama anakalia mto na mimi nakalia chuma.

2. Kwamba nilijaribu pia njia ya wazee wetu. Niliifunika kwa majani makavu ya migomba, nikayakandamiza kwa magogo, kama tunavyofunika ndizi za rubisi zikiwa zinaiva. Maji hayakupita hata tone. Lakini wazee wawili wa kule juu walikuja na vibuyu vyao, wakakaa, wakauliza pombe itakuwa tayari lini. Niliwaeleza kuwa humo ndani mna pikipiki. Walicheka sana, wakasema hawana haraka. Kesho yake walirudi, wakamleta na wa tatu.

3. Kwamba sikuwa bahili. Niliagiza kava la dukani kutoka Mwanza, kwa simu, baada ya kuoneshwa picha ya pikipiki iliyolala ndani yake kama mtoto mchanga. Muuzaji alinihakikishia kwamba halipitishi maji, na ni kweli, halipitishi. Maji yaliyoingia kwa chini yalikosa pa kutokea, na nilipolifunua asubuhi pikipiki ilikuwa inatoka jasho. Nikajifunza kwamba kava zuri lazima liwe na matundu ya kupumulia na kamba ya kufungia chini ya tumbo. Lile halikuwa na kamba. Upepo ulilichukua ukalivisha mti wa parachichi. Nikalitoa, nikalirudisha haraka wakati bomba la moshi bado lina moto, likayeyuka na kunata kama ubwabwa ulioungua. Kila nikiwasha, mtaa mzima unanuka.

4. Kwamba ni chama chenyewe kilichonitia majaribuni. Mzee Cassian alipofariki, Mungu amrehemu, mvua ilinyesha siku tatu za matanga bila kupumzika. Tulikaa chini ya turubai la chama watu zaidi ya mia moja na hakuna aliyeloa. Wote mlikuwa mnatazama jeneza. Mimi, nakiri, nilikuwa natazama juu. Niliona zile pete za chuma pembeni, zile kamba, ule unene. Nililia sana siku ile, Dada Agnetha, ulikuja hata kunishika bega, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya Mzee Cassian.

5. Kwamba sikuiba. Baada ya maziko ilikuwa zamu yangu kuanika turubai. Katiba yetu, kifungu cha tisa, inasema mwanachama wa zamu ataanika turubai nyumbani kwake mpaka likauke, ndipo alirudishe stoo. Haisemi aanike juu ya nini. Mimi nilianika juu ya pikipiki. Na kwa kuwa mvua ilinyesha kila siku, halikukauka, na kwa kuwa halikukauka, nisingeweza kulirudisha bila kuvunja katiba. Zilipita siku kumi na moja. Jumanne iliyoangukia katikati yake pikipiki iliwaka kwa teke moja, mama akawahi namba ya tatu kwenye foleni.

6. Kwamba siku ya kumi na mbili, yaani Jumamosi iliyopita, sikumwita mtu yeyote. Salvina wa kwaya alipita barabarani, akaliona turubai la msiba uani kwangu, akakumbuka kwamba ndani mna bibi mgonjwa. Basi! Hakuja kuuliza. Alishika kichwa akapiga yowe palepale, na ndani ya saa moja kiwanja changu kilijaa. Wanawake walikuja na mikungu ya ndizi na maharage kichwani, wakilia kuanzia njia panda. Wanaume walileta kuni na majembe. Vijana wakaniuliza kaburi lichimbwe upande gani wa shamba, na kabla sijajibu walikuwa wameshang'oa mibuni miwili.

Mama alisikia kilio akiwa chumbani. Akatoka na fimbo yake, akauliza nani amekufa. Bila kungoja jibu akakaa mkekani katikati ya wanawake, akalia kuliko wote. Salvina alipomwona ndipo alipozimia. Mama akammwagia maji, akaendelea kulia, mpaka Kokuhirwa alipomnong'oneza kwamba anajililia mwenyewe. Akafuta machozi. Kisha akasema kwa vile ndizi zimeshamenywa, zipikwe.

Kwa hiyo nauliza, Ndugu Katibu, msiba huo niliuitisha mimi? Mimi nilifunika pikipiki. Waliobaki walijifunika wenyewe.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kamati iamue kama ifuatavyo:

(a) Jina langu lirudishwe kwenye daftari.

(b) Turubai lihamie kwangu moja kwa moja, lifunike pikipiki, na pale litakapohitajika msibani nitalipeleka mwenyewe kwa pikipiki hiyohiyo, ambayo itakuwa kavu na itawaka. Mnaona jinsi jambo hili linavyojikamilisha.

(c) Ili ratiba isigongane, wanachama waombwe kwa heshima wajitahidi kufariki kati ya mwezi wa sita na wa nane, wakati wa kiangazi. Simlazimishi mtu. Atakayeshindwa atoe taarifa ya maandishi wiki mbili kabla.

(d) Pikipiki iandikishwe kuwa mwanachama. Msishtuke. Kanuni inasema anayekosa misiba mitatu anafutwa. Pikipiki yangu haijakosa hata mmoja. Ndiyo iliyopeleka taarifa za vifo mpaka Kyerwa mara nne, ndiyo iliyobeba msalaba wa Mzee Cassian, ndiyo iliyomleta padre alipokwama kwenye tope. Wewe mwenyewe, Katibu, kwa heshima zote, umekosa miwili mwaka huu. Nani mwanachama zaidi?

(e) Na ikishakuwa mwanachama, siku itakapokufa izikwe na chama, chini ya turubai lake.

Haya, nimemaliza ya kamati. Sasa naongea na wewe Agnetha, niliyesoma nawe shule moja. Naogopa. Mama ana miaka themanini na minne. Tangu Jumatatu Gideon akinikuta njiani anaangalia pembeni, na juzi Kokuhirwa alikwenda kisimani wanawake wakanyamaza. Kama jina letu halimo kwenye daftari, siku mama akiondoka nani atakuja? Nitamchimbia kaburi mimi peke yangu na huu mgongo? Atapita kwenye shamba hili amebebwa na nani? Mtu aliyelea watoto wa Mabira nzima hawezi kuzikwa na mwanawe na mkwewe kama ndama. Nimeiwaza hii mpaka chakula kimenishinda.

Naomba unisalimie shemeji na wajukuu. Msalimie Gideon, umwambie barua ni siri. Wasalimie wanakwaya wote, na Salvina mpe pole ya pekee. Wale vijana waambie mibuni yangu bado naidai, lakini nawasalimu nao.

Ni mimi niliyefutwa lakini bado nipo,

Nolasco Kashaija
(Karani wa mizani, mstaafu)

N.B. Leo ni Jumamosi, barua bado sijaituma kwa sababu lifuatalo. Juzi nilipokuwa naisoma kwa sauti kuikagua, mama alisikia kutoka chumbani. Akaniita. Akauliza kama ni kweli kile chumba kilikuwa cha pikipiki, nami nikakiri. Akauliza kwa nini basi nikaitoa. Nikasema kwa heshima yake. Akasema mbona hakuna aliyemuuliza, yeye amelala nyumba moja na ndama tangu anazaliwa mpaka anaolewa, na ndama wanakojoa, pikipiki haikojoi. Alisimama na fimbo mlangoni mpaka nikaiingiza. Sasa imesimama kando ya kitanda chake, kaifunika kwa shuka lake mwenyewe, na anasema bora iwepo, chumba kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Leo asubuhi imewaka kwa teke moja.

Kwa hiyo turubai silihitaji, wala sikuwahi kulihitaji. Limekauka, Gideon aje alichukue. Maombi (b) mpaka (e) yafuteni. La (a), Dada, nakuomba sana, libaki.

Mama naye anakusalimu. Anasema Jumamosi ile aliwaangalia wote waliokuja kumlilia, mmoja mmoja, na wewe hakukuona. Hana kinyongo. Anaomba tu siku yenyewe uwahi, na kama itakuwa ya mvua, turubai mfunike kwanza pikipiki, maana yeye maji hayatamfanya kitu, ila Nolasco akisukuma mgongo unamuuma.