Foleni ya Maji Inamharibu Mbwa Wangu

Silvesta Nandonde,
Kitongoji cha Mkorosho Mkavu,
Njia ya kwenda Makote,
Newala.
Ijumaa, asubuhi.

Kumb. Na. SN/MBWA/01

Mwenyekiti,
Kamati ya Maji,
Kilula cha Mkorosho Mkavu.

YAH: FOLENI YA MAJI KUMVURUGA MBWA ALIYE MAFUNZONI

Mheshimiwa Mama Mwanasha,

Shikamoo. Shikamoo hii naiandika kwa sababu ile niliyokupa Jumanne pale bombani hukuiitikia, ulikuwa unacheka. Naomba uitikie hii kwanza, halafu usome ukiwa umekaa.

Mimi ni Silvesta, mjukuu wa Bibi Rose mwenye goti bovu. Nimesoma mpaka kidato cha pili, nikaiacha shule kabla haijaniacha, kwa hiyo barua rasmi naziweza. Hata hiyo namba ya kumbukumbu hapo juu nimeitunga bila msaada wa mtu. Nimesikia kwamba kesho Jumamosi kamati yako inakaa kuamua kama ndoo ya Bibi Rose, inayolindwa na mbwa, ihesabike kuwa ina mwenyewe, au isogezwe nyuma kabisa kama ndoo ya mtoro. Mkiamua vibaya, ndoo yetu itafika bombani maji yameshakatika, na Bibi atashuka bondeni kuchota na goti lake lile. Kushuka ataweza. Kupanda ndiyo habari nyingine. Mimi hanitumi tena bondeni tangu siku ile nilipoondoka asubuhi nikarudi jioni na nusu ndoo na ndege wawili.

Mtu atauliza, kwa nini Silvesta asikae mwenyewe kwenye foleni? Swali hilo ameshaliuliza Gasper, mfungua bomba wetu, mbele za watu, kana kwamba amegundua dawa. Jibu ni kwamba kichwa kama changu hakiwezi kukaa saa sita mfululizo kikitazama ndoo. Ndiyo maana nikaamua kufundisha mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Afande. Ni mdogo, ana miezi minne, amekuja ndani ya boksi la sabuni nyuma ya pikipiki kutoka Masasi kwa Mjomba Yoeli. Mjomba alisema mama yake analinda shamba zima la mikorosho peke yake. Nimemfundisha kwa mtindo wangu mwenyewe: nasema "Afande, kaa," akikaa anapata tonge la ugali, akiondoka anapata maneno. Siku ya kwanza alikaa sekunde kumi na moja, nimepima kwa simu. Wiki ya pili alikaa muda wa wimbo mmoja. Pale nyumbani, pasipo na watu, hajambo. Akifika kilulani tu, hapo kwenye bomba lenu la maji, akili inatawanyika kama salfa ya mikorosho kwenye upepo. Maana yake nini? Maana yake tatizo si mbwa. Tatizo ni nyie.

Kabla sijaendelea, nikumbushe sheria yenu wenyewe. Pale kilulani mtu akichoka kusimama anaweka jiwe pembeni ya ndoo yake, na jiwe linahesabika kuwa ni yeye. Jiwe la Mzee Awadhi lina zaidi ya mwaka kwenye foleni na linaheshimiwa kuliko mimi. Watu wanalisogeza kwa mikono miwili wakisema, "Mpisheni Mzee Awadhi," na Mzee Awadhi yuko kwake anakunywa uji. Mimi nimeleta kiumbe chenye macho mawili, masikio na mkia, mnasema hakitoshi. Nauliza kwa adabu: jiwe lile likiibiwa ndoo, litambwekea nani?

Sasa malalamiko yangu, kwa namba:

1. Kuku wako, Mama Mwanasha. Naanza na wewe kwa sababu ya cheo. Kuku wako mwekundu anakuja kilulani kila siku ya maji kunywa yale yanayomwagika, na anatembea kwa madaha mbele ya mwanafunzi wangu huku akimwangalia. Jumanne Afande alikuwa ameshakaa nyimbo mbili na nusu, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa na mbwa yeyote wa kata hii. Kuku wako akapita. Mkaniona mimi namkimbiza mbwa, mbwa anamkimbiza kuku, na wewe uliyeshika karatasi ya majina ukashika mbavu. Kuku yule hana ndoo, hana jiwe, hayumo kwenye karatasi. Anatafuta nini kwenye foleni?

2. Stefano, muuza samaki wakavu. Anapita na baiskeli saa tatu hasa, tenga liko wazi, harufu inatangulia na yeye anafuata. Nimemwambia afunike, akanijibu, "Mdogo wangu, nikifunika atajuaje mteja kama nimepita?" Hilo ni jibu la mtu asiyejali elimu. Mbwa anaambiwa "kaa" na mimi mdomoni, na anaambiwa "njoo" na samaki puani. Wewe ungemsikiliza nani?

(Hapa niliiacha barua kidogo, maana Stefano mwenyewe amepita huku nyumbani na ikanibidi nikakague ushahidi. Ushahidi ni mtamu. Tuendelee.)

3. Mzee Awadhi. Huyu namheshimu, na dini yake naiheshimu. Anasema ndoo yake ikiguswa na ulimi wa mbwa lazima ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Sikatai. Ila Afande ameilamba ndoo ya Mzee Awadhi mara moja tu, tena alikuwa kiumbe mwenye kiu kwenye foleni ya maji, jambo linaloeleweka. Mzee akataka nimwoshee hapo hapo. Udongo tunao, Newala nzima ni mchanga. Maji ya kuosha mara sita zilizobaki yanatoka wapi, na bomba halijafunguliwa? Nilipouliza hivyo, akasema, "Utayatoa kwenye ndoo yenu yakija." Yakaja, nikayatoa, Bibi akapata robo ndoo kwa siku tatu. Tangu hapo Mzee anaiweka ndoo yake juu ya lile jiwe, na mbwa wangu muda wote anaangalia juu badala ya kuangalia mbele. Shingo itapinda, na shingo ikipinda mafunzo yanapinda.

4. Filimbi ya Gasper. Maji yakianza kutoka, Gasper anapuliza filimbi ili walioko majumbani wakimbilie ndoo zao. Afande akiisikia anaacha kituo anamfuata Gasper, maana anadhani ameitwa. Mkuu wa mafunzo ni mmoja, hawawezi kuwa wawili. Kwa hiyo leo alfajiri, nilipompeleka Afande na ndoo, nimemwomba Gasper asiipulize tena. Akasema, "Sawa, mkufunzi. Leo yakija yatakuja kimya kimya." Alikuwa anacheka na wenzake, lakini kukubali ni kukubali, na naomba kamati iliandike hilo kuwa sheria.

5. Nyie wote kwa ujumla. Sijawahi kuona watu wenye akili inayohamahama kama wanafoleni wa Mkorosho Mkavu. Mtu anaanza habari ya msiba hajaimaliza anaingia kwenye bei ya korosho, hapo hapo anauliza nani kanunua bati. Mmoja akigeuka kuangalia pikipiki inayozama mchangani, mnageuka wote, na ndoo mnaziacha zinatazama upande mwingine. Mbwa mdogo anajifunza kwa kuangalia wakubwa. Anawaangalia nyie. Mnategemea atoke vipi?

(Samahani, hapa pia nilitoka. Jirani amejaribu kuwasha mashine ya kupulizia salfa ikakataa kuwaka, na pale ambapo mashine imekataa mimi ni lazima niwepo. Bado imekataa.)

Hivi sasa ninavyoandika jua limeshapanda, na Afande yuko huko kwenu tangu alfajiri, ametulizwa pembeni ya ndoo ya bluu ya Bibi. Sikumfunga kamba. Kufunga kamba ni kushindwa. Hata mbuzi wa mjinga akifungwa kamba anakaa. Lakini nawajua nyie na namjua yeye. Nina hakika kwamba muda huu ameshakwenda na kuku, au na samaki, au na kipepeo. Na kosa litakuwa la kwenu.

Kwa hiyo naiomba kamati ya kesho ipitishe yafuatayo. Kuku wa Mwenyekiti afungwe siku za maji. Stefano apite njia ya nyuma ya msikiti, upepo ukiwa unaelekea Masasi. Ndoo ya Mzee Awadhi ishuke chini. Filimbi izikwe. Wanafoleni wakae kimya, macho mbele, bila kugeuka, na atakayeweza kukaa hivyo mpaka maji yaje apewe tonge la ugali. Matonge nitayagawa mwenyewe, uzoefu ninao. Wakishafuzu wao, mbwa atafuzu baada ya wiki moja. Na kama yote haya ni mazito kwenu, basi kilula kihamishiwe uani kwa Bibi Rose, ambako nimeshathibitisha kwamba mbwa anakaa vizuri, na foleni ibaki huko iliko ikiendelea na mazungumzo yake.

Nafunga kwa heshima zote ninazoweza kuzipata kwa asubuhi moja. Nisalimie wajumbe wa kamati, waliocheka na waliojizuia. Nisalimie binti yako Mwanasha, na umwambie kwamba alipomwita mbwa wangu mtalii nilimsikia. Kuku wako simsalimii.

Ni mimi mkufunzi,
Silvesta Nandonde
(kidato cha pili)

N.B. Mama Mwanasha, barua ilikuwa imeshakunjwa. Nimeikunjua kwa sababu umetoka hapa sasa hivi, na Bibi anataka niandike yaliyotokea kama yalivyo, na amekaa nyuma yangu anasoma.

Maji yametoka. Gasper alitimiza ahadi, hakupuliza filimbi, kwa hiyo mimi sikusikia kitu. Nilikuwa kwenye namba tano, au kwenye mashine. Watu wakawa wanasogeza ndoo yetu kidogo kidogo, na kila ikisogea Afande anasimama, anaifuata, anakaa tena. Kuku alipita. Stefano alipita. Mzee Awadhi mwenyewe, ambaye leo alikuja kwa miguu yake, amesema hajaona mlinzi wa namba ile, na kwamba jiwe lake liliangushwa na mtoto na halikusema neno. Ndoo ikafika bombani haina mtu wa kuinyanyua. Gasper akaita jina langu mara tatu, kama sheria inavyotaka. Mara zote tatu aliyeitika ni mbwa.

Mama, ungeweza kuisogeza nyuma ile ndoo, na maji yalikatika ndoo nne baadaye. Badala yake ukaijaza, ukajitwika mwenyewe, ukaileta mpaka mlangoni kwa Bibi, Afande akikufuata nyuma bila kuangalia pembeni, na mkanikuta nimerudi kwa jirani, nimeingiza mkono mzima ndani ya mashine ya salfa. Ulisema neno moja tu, "Marahaba." Nakiri nilikuwa sijakuamkia.

Bibi ameamua. Afande anabaki kwenye foleni, na mimi ndiye nitakayekuwa nakaa pembeni yake ili nijifunze. Barua hii hairuhusiwi kuchanwa. Kesho nitaileta mwenyewe kwenye kikao na kuisoma yote mbele ya kamati, nimesimama, macho kwenye karatasi, mwanzo mpaka mwisho bila kuiacha.

Nina ombi moja dogo limebaki, na hili si la mbwa. Kesho saa tatu, nitakapokuwa nasoma, naomba Stefano apite njia ya nyuma ya msikiti.