Kuhusu Neno la Kiingereza Lililotoboa Gauni la Bibi Harriet

Biryogo, Kigali
Jumatano, 11 Julai 1990

Kwa Mtunzi wa Kamusi Ndogo ya Kiingereza na Kiswahili
(jina lako lilichanika pamoja na jalada kabla sijainunua)

Ndugu Mtunzi,

Pokea salamu zangu, uwe mzee wa heshima au kijana mwenzangu. Mimi ni Mugenzi Yusufu, fundi cherehani. Shule nimefika darasa la sita, Kiingereza nimefika Somo la Kumi na Moja katika yale masomo ya mwisho wa kamusi yako. Hapa Biryogo, kuanzia msikitini hadi kwa muuza maandazi, wenye Kifaransa wamejaa tele, wanatembea tu. Mwenye Kiingereza ni mimi. Sijisifu. Nataka ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani.

Keshokutwa Ijumaa, Bibi Harriet anakuja kuchukua gauni la kuvaa kwenye harusi ya dada yake. Asiporidhika, Shangazi Gahongayire, mwenye cherehani, ananitoa kwenye kiti na kunirudisha Kinyinya nikafyatue matofali. Kosa ni lako, nami nalieleza kwa namba ili usipate pa kujificha.

1. Ukurasa wako wa pili unasema jina ni kitu, kitenzi ni tendo. Nikakuamini kama mtu mzima. Sasa Bibi Harriet ni Mganda, karani wa ofisi moja kule Kacyiru, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku alipoleta gauni alianza kunieleza kwa mikono. Nikamwambia, Bibi, usijichoshe, niandikie Kiingereza, umefika kwa mwenyewe. Silvère, fundi wa cherehani ya jirani, akaguna. Bibi akaandika: "Please iron." Nikafungua kamusi. "Please", tafadhali. "Iron", jina, pasi. Tafadhali pasi! Mtu akiomba pasi kwa adabu namna hiyo utamnyima? Nikaizungushia gauni pasi yetu, nikampa dereva wa ofisi yao ampelekee. Makaa, nakiri, yalikuwa bado na uhai kidogo. Gauni lilifika Kacyiru na dirisha mgongoni, umbo la pasi kamili, mpaka ile ncha yake.

Kumbe chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, umeandika "pia kitenzi". Ndugu, jambo linalounguza watu huliandiki kwa herufi za sisimizi!

2. Bibi Harriet ana subira. Alirudisha gauni na pasi, pamoja na karatasi ya pili: nizibe tundu, halafu "match the buttons". Hapo sikuhitaji hata kamusi. "Match" ni kiberiti, Somo la Tisa, kuna picha. Nikaona anataka vifungo na kiberiti. Nikampelekea vifungo kumi na kiberiti kizima, nimekifunga kwa utepe. Kwa mwanamke ambaye siku tatu nyuma nilimchomea gauni! Alimtumia Shangazi swali moja tu: huyu kijana ananitisha?

Sasa ndiyo nimeambiwa kwamba alitaka vifungo vifanane.

3. Nikakaa na kamusi yako nikaisoma yote, hata chakula nikasahau. Yampaye inka, kama tunavyoshangaa kwa Kinyarwanda! "Button" jina, pia kitenzi. "Pin" vilevile. "Thread", "needle", "pocket", "dress", wote wana sura mbili. Nikafika "tailor". Fundi. Pia kitenzi! Yaani mimi mwenyewe, mtoto wa watu, nalala jina naamka kitenzi. Tangu Silvère alipolisikia hilo, kila asubuhi ananipigia kelele mbele ya wateja: "Profesa! Leo wewe iko jina ao iko kitendo?" Wateja wanacheka na mita shingoni.

4. Tazama Kiswahili chetu kilivyo na nidhamu. Pasi ni pasi. Ukitaka ifanye kazi, unaipiga, ndiyo maana tunasema piga pasi. Kila neno linajua kiti chake, halikalii cha mwenzake. Mtoto wa Kiswahili hawezi kuambiwa neno akaelewa kitu kingine.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, majina yote ya Kiingereza yavae kofia na vitenzi vyote vivae viatu, tuyatambue toka mbali. Sare nitashona mimi.

Pili, kama kazi hiyo ni kubwa, Kiingereza kifungwe siku tatu kwa matengenezo. Wanaokitumia wavumilie.

Tatu, na hili ndilo la haraka, ufike hapa barazani kabla ya Ijumaa, umwambie Shangazi kwa kinywa chako kwamba aliyeunguza gauni ni wewe. Chai utapewa.

Nisalimie mkeo, watoto, aliyekupigia chapa, majirani zako wote, na Waingereza wowote utakaokutana nao njiani.

Wako mwenye uchungu na adabu,
Mugenzi Yusufu
Fundi (jina)

Nyongeza, Ijumaa:

Barua ilikuwa bado haijaenda posta. Bibi Harriet amekuja leo asubuhi. Tundu nililiziba kwa ua kubwa la kitambaa kilekile. Akalitazama, akalizungusha, akacheka, akasema gauni sasa ni zuri kuliko mwanzo. Shangazi moyo ukalainika. Akanigeukia, akanipa neno moja tu la Kiswahili: "Kaa."

Nikakimbia jikoni, nikarudi mbio na kaa la moto kwenye koleo.

Bibi Harriet, aliyekwisha kuletewa pasi na kiberiti, aliponiona namjia na moto waziwazi, aliruka ukuta wa baraza na gauni kwapani, akaacha kiatu kimoja.

Kumbe Shangazi alikuwa ananiambia niketi, kiti kibaki changu.

Basi Ndugu Mtunzi, usije tena. Kiingereza kifunguliwe. Ila kama umetunga na kamusi ya Kiswahili, nitumie upesi, maana aliyekaa kwenye kiti changu sasa ni Silvère. Nyongeza hii nimeiandika nimesimama.