Nilivyojitia Sioni Darasani

Jamani, nianze na ujinga wangu kabla hamjausikia kwa wengine: nilimwambia mwalimu kwamba macho yangu hayaoni. Yanaona. Yanaona hadi bei ya viazi karai iliyoandikwa ng'ambo ya barabara. Leo nimeaibika mpaka masikio yakawa moto.

Chanzo ni Kazungu. Tunakaa dawati moja, na macho yake kweli hayana nguvu. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Dama, huandika somo moja kwenye tableti za shule, kisha humkatia kila mtu la kumtosha, kama fundi wa nguo. Wanaoelewa kwa picha wanapewa picha. Wanaohangaika na maneno magumu wanapewa mepesi. Kazungu anapewa herufi kubwa kama mikate ya mofa, na sauti ya kumsomea masikioni. Mimi je? Kurasa nne, herufi kama sisimizi. (Wivu, ndugu zangu, ni ugonjwa.)

Basi wiki tatu zilizopita nikanyoosha mkono. "Mwalimu, naona ukungu ukungu."

Akaniamini! Akanitengenezea somo la herufi kubwa na sauti. Tatizo, vile vya kuvaa masikioni vipo jozi moja tu, kwa hivyo mimi na Kazungu tukawa twagawana kipindi. Nusu yake, nusu yangu. Nusu yangu nilikuwa nalala. (Sauti ile inabembeleza, wallahi.) Kazungu akawa hamalizi somo hata siku moja, na mtihani ni Jumatatu.

"We Athmani," akaninong'oneza juzi, "kipofu gani anaiona sambusa ndani ya mkoba wangu?"

"Hiyo niliinusa."

Leo asubuhi mlango wa darasa ukabishwa. Mamangu! Kumbe Mwalimu Dama alimpigia simu kumwambia ameniandikisha kwa daktari wa macho kule Kilifi. Mama macho mekundu, leso imelowa. Mwalimu akampa kiti mbele ya darasa, akaniita nisimame kando yake, akaanza kumwonyesha tableti yangu.

Sasa, mamangu hushona kofia kwa mkono, na akiwa na wasiwasi vidole vyake havitulii. Akaitoa kofia mkobani, akawa anashona huku anasikiliza.

"Mtoto ana bidii," Mwalimu anasema, "ila herufi ndogo hazioni kabisa."

"Yarabi, mwanangu!" Mama analia, sindano inakwenda.

Uzi ukaisha. Bila kunitazama, akaninyooshea sindano na uzi mpya, kama afanyavyo kila siku nyumbani. Nami, kama nifanyavyo kila siku nyumbani, nikalamba ncha ya uzi, nikautia tunduni. Mara moja tu! Nikamrudishia.

Darasa likaanza kunong'onezana.

"Kuna nini?" Kazungu akauliza.

"Athmani katia uzi kwenye sindano," akajibiwa kutoka nyuma.

Kazungu akacheka mpaka akalilalia dawati. Darasa zima likamfuata. Mama kaishika sindano hewani. Anaitazama sindano, ananitazama mimi, anairudia sindano.

Mwalimu Dama hakufoka. (Afadhali angefoka!) Akachukua vile vya masikioni, akampa Kazungu.

"Hivi ni vyako, kipindi kizima. Nawe Athmani, sauti ya hii mashine inatamka Kiswahili kama mtalii. Utasoma wewe, nikurekodi, Kazungu asikilize. Kila somo alilolikosa kwa ajili yako, liwe tayari kabla ya Jumatatu."

"Asome polepole, mwalimu," Kazungu akasema. "Na asilale katikati."

Nikasoma saa nzima ya chakula. Somo lenyewe: safari ya chakula tumboni. Tumbo langu halikuwa na msafiri hata mmoja.

Jioni nikaingia nyumbani kwa kunyata. Mama alikuwa ananingoja mlangoni, kajishika kiuno.

"Asubuhi nimepita mtaa wetu wote wa Barani nikilia, mwanangu anapofuka, mniombee dua. Haya, usivue viatu. Pita nyumba kwa nyumba ukawaambie umepona. Na uanzie kwa Bi Rukia, maskini, amekufungia saumu tangu asubuhi."