Majibu Matatu ya Fundi Kengele

Redio ya Miraji ilikuwa na tabia ya kukoroma kwanza kabla ya kutamka neno, kama mzee anayesafisha koo barazani. Alasiri ile ilikoroma, ikatulia, kisha ikatoa sauti ya mwanamke msomi, sauti iliyonyooka kama kanzu ya Idi.

Rahimu hakuisikiliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, kahawa ikimpoea mkononi, macho yote kwa Miraji muuza kahawa. Juma lililotangulia alikuwa amepeleka posa kwa Tausi, mjane mpika kashata, na Miraji, ambaye ni kaka mkubwa wa Tausi na ndiye walii wake wa ndoa, aliahidi kutoa jibu siku hiyo baada ya swala ya alasiri. Swala ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wamevaa viatu vyao na kutawanyika. Miraji alisuuza vikombe, akavipanga, akaanza kuvisuuza upya.

Mtaa mzima wa Makorora ulimwita Rahimu Fundi Kengele, kwa kuwa hakukubali kuigusa baiskeli isiyo na kengele. "Baiskeli isiyo na kengele," alizoea kusema, "ni mtu anayeingia nyumba za watu bila hodi." Mteja aliyekosa kengele alitumwa akanunue kengele kwanza, hata kama alichotaka ni kujaziwa upepo tu.

Walioketi naye walikuwa wawili. Wa kwanza ni mzee Manase, karani mstaafu wa mahakama, Mlutheri aliyeshuka kutoka milima ya Usambara akahamia Chumbageni, na ambaye kwa mapenzi yake ya sheria aliitwa Kifungu. Wa pili ni Ibrahimu, mchuuzi wa machungwa ya Muheza, aliyeitwa Bajeti, maana hapakuwa na jambo duniani, tangu vita hata talaka, asiloweza kulieleza kwa bei ya machungwa.

"Mnamsikia Dakta Anastazia?" Bajeti aliuliza. "Ndiye yule bosi wa wale watafiti waliotuganda mwezi wa Ramadhani."

"Kaa kimya basi tumsikie," Manase alimkemea.

Redio ikaendelea: "Tulikwenda watatu, mchumi, mwanasheria na mwanasayansi aliyepima maji ya visima na afya za watu. Kila mmoja alimhoji mkazi peke yake, kwa siku yake. Mhojiwa mmoja alitushangaza sana. Jina lake tumelihifadhi, kwa mujibu wa maadili ya utafiti. Ni fundi baiskeli wa Makorora."

Kikombe cha Rahimu kilisimama katikati ya safari.

"Ah, mafundi baiskeli hapa wamejaa kama nzi kwenye fenesi," Bajeti alimtuliza. "Kunywa, yakhe."

"Fundi huyo," redio ikasema, "hakubali kutengeneza baiskeli isiyo na kengele."

Benchi zima liligeuka.

"Jina wamelihifadhi," Manase alisema kwa upole, "ila sura wameianika juani."

"Kwa mchumi, fundi huyu alieleza kuwa ana wake wawili na wategemezi tisa. Kwa mwanasheria, alisema hajapata kuoa maishani mwake. Kwa mwanasayansi, alisema ni mgane mwenye binti mmoja aliyeolewa Korogwe. Tulipokaa meza moja na kulinganisha majibu, tulidhani tumewachanganya watu watatu. Baada ya matangazo nitawaeleza kisa cha mhojiwa mwingine."

Wimbo wa sabuni ukaingia. Miraji aliliweka birika chini taratibu, kama mtu anayeweka silaha.

"Rahimu."

Hakumwita Kengele. Rahimu alilihisi jina lake mwenyewe likimgonga mbavuni.

"Naam, shemeji."

"Shemeji hujawa. Hebu nambie, hao wake wawili umewahifadhi wapi? Darini?"

"Sheikh Miraji, wewe jirani yangu. Hujui kama sina?"

"Mimi najua. Lakini taifa halijui. Taifa linajua una wawili."

"Na wategemezi tisa!" Bajeti aliongeza, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kengele, tisa! Umewahesabu na kuku?"

Rahimu alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba utetezi wake umeandikwa humo. "Nisikilizeni, jamani. Kila elimu ina njaa yake. Mchumi chakula chake umaskini. Ukimwambia umeshiba, anafunga mkoba anahama nyumba. Mimi nilisikia wenye wategemezi wengi watafikiriwa pampu za kisasa."

"Na mwanasheria?"

"Yule chakula chake kesi. Ukisema una mke, anataka cheti. Ukisema mke amefariki, anakuuliza mirathi, anakuuliza ndugu wa marehemu, mpaka kesho mko mahakamani. Nikaona nimfungie mlango na komeo: sijaoa, kwaheri."

"Kwa mujibu wa taratibu," Manase alisema, "huko ni kuidanganya sheria."

"Mzee Kifungu, sheria ilikuwa imekuja na viatu virefu na haraka zake!"

"Haya. Na huyo wa tatu ukampa ukweli kwa sababu gani?" Miraji aliuliza.

Rahimu aliinamisha kichwa. "Yule alinifunga mkononi lile dude la kitambaa. Likavimba. Likanibana. Nikajua limeanza kunusa uongo."

Bajeti alianguka kutoka kwenye benchi, na hakufanya haraka kuinuka. "Linapima presha hilo! Presha! Ewe Mola, fundi huyu anajua upepo wa matairi tu!"

"Kama ni presha, mbona lilizidi kubana nilipotaja umri?"

"Na wewe usicheke sana, Bajeti," Manase alisema. "Wewe mchumi ulimwambia unakula mlo mmoja kwa siku."

"Ndiyo, lakini mwanasayansi nilimwambia mitatu, na samaki wa Kigombe juu yake. Ningefanyaje? Alinitazama tumbo, na tumbo lilikuwa limekwisha kujibu kabla yangu. Wewe je? Si ulimwapia mwanasheria kwamba benchi hili halijapata kuona ugomvi?"

"Halijapata."

"Na siku uliyonimwagia kete za drafti mchangani?"

"Lile," Manase alijibu, akinyoosha kola ya shati lake, "lilikuwa shauri la madai."

Rahimu alipata nguvu kidogo. "Mnaona? Sote tumo. Nani alijua kwamba watakaa meza moja? Mimi nilidhani huko chuoni kila elimu ina jengo lake, na kila jengo lina uzio na mbwa. Tangu lini mwanasheria akala na mpima maji?"

Lakini Miraji hakucheka. Alikuja akasimama mbele yake, kitambaa cha kufutia vikombe begani.

"Rahimu, marehemu mkeo Sabiha nilimzika mimi pamoja nawe. Nilishuka kaburini kwa miguu hii. Sikuulizi una wake wangapi. Nakuuliza hivi: mtu aliyemkana mkewe kwa kuogopa maswali mawili ya mwanasheria, kesho atamkana dada yangu kwa kuogopa nini?"

Hata Bajeti aliinuka mchangani, akakaa vizuri. Rahimu aliona dhahiri kwamba posa yake ilikuwa inamponyoka, na haikuwa ikiponyoka kwa wake wa kubuni, bali kwa yule mmoja wa kweli.

Wakati huohuo Tausi alitokea na sinia la kashata kichwani, mkono mmoja kiunoni. Jiko lake lilikuwa nyuma ya ukuta, nalo lilikuwa na redio.

"Shikamoo, mzee Manase."

"Marahaba, binti yangu. Habari za huko?"

"Habari mmeshazisikia. Tunasikiliza kituo kimoja." Akalitua sinia. "Fundi, nataka kujua jambo moja tu. Niliyeposwa ni mimi, lakini mposaji ni yupi? Wa mchumi, wa mwanasheria, au wa mwanasayansi?"

"Swali halali," Manase alinong'ona.

"Maana ukewenza sikuuomba. Na mwanamume wa umri wako ambaye hajapata kuoa, ana lake jambo. Kwa hiyo jibu."

Rahimu alisimama. Akaivaa kofia, akaivua tena.

"Ni wa mwanasayansi, Tausi. Nilipomkana Sabiha mbele ya yule mwanasheria, ulimi ulikuwa mzito kama uliobeba jiwe. Sikulala vizuri. Ndipo siku ya pili lile dude liliponibana, nikashukuru kupata sababu ya kusema kweli. Pampu waichukue. Mke nilikuwa naye mmoja, na nilimpenda. Kama hilo litaniharibia kwako, basi na liharibu, lakini sirudii kumkana."

Miraji alitazama pembeni, akafuta kikombe kilichokuwa kikavu. Manase alikohoa kikohozi cha mahakamani. Tausi mwenyewe alionekana kulainika, lakini mwanamke aliyebeba sinia kutoka jikoni kuja kutoa hukumu harudi nalo bila kuitoa.

"Nimesikia," alisema. "Maneno mazuri. Ila nikufundishe, fundi. Mtu mkweli ana kauli moja. Kauli ile ile anampa mchumi, ile ile anampa mwanasheria, ile ile..."

Redio ilikoroma.

"Tunarejea," ilisema sauti ya Dakta Anastazia. "Mhojiwa mwingine, ambaye jina lake pia tumelihifadhi, ni mpika kashata wa mtaa huohuo."

Tausi aliruka kuelekea kwenye redio. Miraji, kwa wepesi ambao hakuna aliyepata kuuona kwake, aliikamata na kuiinua juu ya kichwa.

"Kaka, izime!"

"Maadili ya utafiti, dada. Tusikie mpaka mwisho."

"Kwa mchumi, mama huyu alisema kashata hazimpi hata senti ya faida. Kwa mwanasayansi alitaja umri ambao, tulipoupigia hesabu, ulionyesha kuwa alimzaa mwanawe wa kwanza akiwa angali darasa la pili."

"Allah!" Bajeti alipiga paja.

"Na mwanasheria alipomuuliza kama yuko katika uchumba au mkataba wowote wa ndoa, alijibu kwa kujiamini: ndiyo, nimekwisha kuchumbiwa na fundi baiskeli wa hapa jirani. Mwanasheria akaomba kumwona fundi huyo. Mama akajibu kwamba haitawezekana, kwa kuwa fundi mwenyewe bado hajaambiwa."

Rahimu alikaa chini. Mahojiano yalikuwa ya Ramadhani. Posa yake ilikuwa ya juma lililopita. Alilitafakari jambo hilo polepole, kama mtu anayesikia utamu wa halua ukienea kinywani.

"Tausi," alisema, "kumbe mimi ni mchumba tangu Ramadhani?"

Tausi alijifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakimcheza, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko mpaka alipogeuka kukimbilia jikoni na kicheko kikamponyoka njiani. Sinia alilisahau. Bajeti hakulisahau.

"Mdaiwa amekiri," Manase alitangaza, akichukua kashata yake. "Ushahidi mwingine hauhitajiki."

Miraji aliizima redio, akairudisha mahali pake. Rahimu alimsogelea, kofia mkononi, kwa adabu yote ya mtu anayejua ameshinda lakini bado hajakabidhiwa.

"Basi, Sheikh Miraji. Lile jibu."

"Jibu gani tena? Limeshatangazwa mpaka Pangani. Nenda ukamlete mshenga mpange siku."

Watu wakaanza kuinuka. Manase aliisukuma baiskeli yake hadi barabarani, Bajeti akakung'uta mchanga wa suruali na vipande vya kashata kwa pamoja.

"Lakini Miraji," Bajeti aliuliza akiwa tayari anaondoka, "kabla ya redio kukuwahi, wewe mwenyewe ulikuwa umepanga kutujibu nini leo?"

Miraji aliinama, akaanza kuvisuuza vikombe vile vile.

"Nilikuwa nimepanga kuwaomba muda zaidi," alisema, "nifanye utafiti."